Arobaini Bila Mtoto

Nilikuwa mwanamke mnene, na sisemi hivyo kwa kuomba radhi. Kariakoo ya miaka ile unene wangu ulikuwa sehemu ya anwani. Ukiuliza nyumba yetu utaambiwa pita bomba la maji, nyumba ya tatu mkono wa kulia, kwa yule mama bonge. Nilipenda kuitwa hivyo. Mwanamke mwembamba alionewa huruma. Watu walimtazama mumewe kwanza, halafu ndipo wakamtazama yeye. Mume wangu, karani wa bandarini, mtu mpole asiyejua kujisifu kwa maneno, alikuwa akijisifu kwa kutembea nami barabarani siku za sikukuu.

Halafu tumbo likaanza. Miaka mitatu niliungua ndani, nikinywa magadi, maziwa, mizizi na kila nilichoambiwa. Mwisho nikatapika damu asubuhi moja nikichambua mchele. Hospitalini walisema kidonda kimekula ukuta wa tumbo. Wakanipasua, wakakata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kushona kilichobaki. Daktari alinionyesha kwa mikono. Alipanua viganja: zamani tumbo lako lilikuwa hivi. Kisha akakunja ngumi: sasa limebaki hivi. Nilitazama ile ngumi, nikawaza sahani zangu zote za pilau nilizokwisha kula maishani, na sikuona kichekesho chochote.

Siku ya kutoka, muuguzi mmoja mkali alikaa ukingoni mwa kitanda akanipa masharti. Kula kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Tafuna mpaka chakula kiwe maji. Usinywe kitu pamoja na chakula. Mafuta punguza. Sukari acha kabisa, maana sasa chakula kinapita upesi, na sukari ikipita upesi utaona cha moto. Alinifanya niyarudie yote kama mtoto wa madrasa.

"Ukila vizuri utaishi mpaka uchoke mwenyewe," aliniambia. "Ukila kama zamani tutaonana hapahapa."

Nilimwamini. Shida ni kwamba hakumwambia mama yangu.

Mama alikuwa akikaa Magomeni. Alifika jioni ileile niliyorudi, ameshika sanduku lake la bati, akamsalimia mume wangu, akaingia chumbani kwetu, akatazama huku na huko, akatoka tena na kumwomba mkwewe, kwa heshima zote, ahamie chumba cha mbele kwa siku arobaini.

"Arobaini ya nini, mama?" mume wangu aliuliza.

"Tumbo likifunguliwa hulelewa arobaini, mwanangu. Hilo halina mjadala."

Nilicheka, mshono ukaniuma, nikanyamaza. Nilidhani ni maneno tu ya wazee. Ndipo akafungua sanduku na kutoa mkaja.

Mkaja ni kitambaa kirefu anachofungwa mwanamke tumboni akishajifungua, ili tumbo lirudi mahali pake. Mama humtunzia binti yake. Wangu ulikuwa wa pamba ya marekani, mweupe, umekaa umekunjwa mpaka mikunjo yake ikawa ya manjano. Nilikuwa na miaka kumi na sita katika ndoa. Mimba mbili zilitoka kabla hazijaonekana na watu, na baada ya hapo hakuna kitu. Miaka kumi na sita kitambaa kile kilikuwa sandukuni kikingoja mjukuu. Sasa mwanawe amefunguliwa tumbo, amelazwa, amerudi nyumbani hawezi kuinuka bila kushikwa. Kwa mama yangu ilitosha.

Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Mama alichoka kungoja, akaeleka jiwe, na jiwe lenyewe lilikuwa mimi. Nilielewa palepale, nikimtazama akikikung'uta kile kitambaa na kukinusa. Ningeweza kusema neno: mama, mimi sikuzaa, mimi nimekatwa. Sikusema. Yote yaliyofuata yalianzia hapo, na lawama naibeba mwenyewe.

Kila asubuhi alinikanda kwa maji ya moto, kiuno, mgongo na miguu, akikwepa mshono kwa uangalifu ambao hata wauguzi hawakuwa nao. Alinifunga mkaja kwa kuulegeza. Alinifukiza udi. Kisha akaleta uji.

Uji wa mzazi si uji wa mchezo. Unga wa mchele, samli, pilipili manga, tangawizi, na sukari ya kutosha watu watatu. Bakuli zima, la moto, na mama amekaa mbele yako mpaka uone maua yaliyochorwa chini ya bakuli.

Na ile ilikuwa miaka ambayo sukari ilikuwa haionekani. Ilifika kwenye duka la ushirika pale ilipojisikia, ikagawiwa kidogo kidogo kwa karatasi ya balozi wa nyumba kumi. Watu waliacha mawe na makopo kwenye foleni kuwashikia nafasi, wakaenda zao kupika, wakarudi kugombana jiwe hili ni la nani. Mama hakuamini mawe. Alisimama mwenyewe kwenye jua na magoti yake yale mabovu. Samli alipewa chini ya meza na Mwarabu mmoja mwenye duka pale kona, mzee aliyehurumia kila mtu ila mteja mwenye haraka. Mama alimwambia tu kwamba mwanawe ametoka hospitali, tumbo. Sijui mzee yule alielewa nini, lakini alituma na salamu, Mungu amkuze.

Siku ya kwanza nilikunywa uji ule wote. Haikupita robo saa moyo ukaanza kwenda mbio kama wa mtu aliyefumaniwa. Jasho likanitoka kichwani hadi nyayoni, mikono ikatetemeka, macho yakafanya kiza, tumbo likajikunja. Nilikwenda chooni nimeshika ukuta na kurudi nimeshikwa na mama. Nililala saa nzima nimelowa chapachapa, nikidhani ndiyo mwisho wangu.

Mama alinifuta uso kwa upindo wa kanga yake. Alikuwa akitabasamu.

"Jasho hilo ndilo tunalolitaka," alisema. "Linatoa uchafu. Mzazi asiyetoka jasho, uchafu humrudi."

"Mama, muuguzi alinikataza sukari."

"Muuguzi huyo kazaa wangapi?"

"Sikumuuliza."

"Basi. Mgonjwa haulizwi uji."

Huo ndio ulikuwa mwisho wa mazungumzo. Kadiri nilivyotoka jasho, ndivyo alivyofurahi. Na kadiri alivyofurahi, ndivyo alivyozidisha pilipili manga. Nilimweleza mume wangu alipokuja kunijulia hali, akiwa amesimama mlangoni kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

"Mwambie mama," alisema.

"Mwambie wewe."

"Mimi? Mimi ni mkwe." Akatazama viatu vyake. Alisema kweli: mwanaume atamwambiaje mama mkwe wake kwamba anamlisha vibaya binti aliyemzaa? Alinunua samaki, akamwomba mpangaji wetu wa chumba cha uani amchemshe bila mafuta. Mpangaji huyo alikuwa mama wa Kilimanjaro, anauza maharage na vitunguu sokoni, Mkristo, hajui mkaja wala udi. Lakini alikwisha kuona mama akinikanda, na mkono wake ukajua la kufanya. Pamoja na samaki alileta mtori, ndizi zilizopondwa na nyama, chakula wanachopewa wazazi huko kwao.

"Kula, mama," aliniambia, "damu irudi."

Basi na yeye pia. Nyumba nzima ilikuwa ikilea mzazi. Kilichokosekana ni mtoto tu, na hakuna aliyethubutu kulisema hilo.

Kusema kweli, kuna asubuhi nilizopenda. Lazima nilikiri hili, la sivyo nitakuwa nimemwonea. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, na mama alikuwa akiniosha miguu. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini nyimbo za kubembeleza, kisha anajishtukia na kunyamaza. Maisha yangu yote ya ndoa nilikwenda kwenye arobaini za wenzangu nimebeba sabuni na kitenge, nikala, nikacheka, nikarudi nyumbani na kuvimba uso kwa kulia. Sasa mimi ndiye niliyelala katikati ya chumba. Nilijua ni uongo. Niliutaka hata hivyo.

Siku ya kumi ya arobaini mwezi wa Ramadhani uliandama. Mama alifunga. Hapo ndipo mambo yalipoharibika ndani yangu, maana alikaa na njaa yake mbele ya jiko la mkaa, akikoroga uji wa mtu mwingine na asiweze kuuonja. Kwa kuwa hakuonja, alikisia. Na kila alipokisia alizidisha sukari, asije akanidhulumu. Midomo yake ilikauka ikapasuka. Nilipomwambia apumzike alisema thawabu ya kumlisha mgonjwa katika mwezi huu haina kipimo.

Nami nikaanza kuumwaga uji.

Nilikuwa nikinywa vijiko vitatu akitazama, kisha nakiegemea kitanda na kusema nitamalizia taratibu. Adhuhuri ikiadhiniwa alikwenda kutawadha, akatandika msala chumba cha mbele. Nilijua urefu wa sala yake. Akishapiga takbiri ninainuka, bakuli chini ya kanga, napita uani, naingia chooni, namwaga, naufuatisha na kopo la maji. Kisha narudi kitandani na kuliweka bakuli tupu pale atakapoliona. Alipomaliza nyuradi zake alikuja, akalitazama, akasema alhamdulillahi.

Niliumwaga siku baada ya siku, katika mji ambao watu walikuwa wakinywa chai ya rangi kwa chumvi. Nilimwaga mchele wakati majirani walikuwa wakikoroga unga wa njano wa msaada, ule tuliouita yanga. Ningeweza kumpa mtu, lakini Kariakoo hakuna siri inayokaa kwenye bakuli; angejua siku hiyohiyo. Niliona aibu mpaka nikakoma kumtazama mama machoni. Yeye alidhani ni udhaifu.

Futari alinipa samaki kidogo na kipande cha kiazi nilichokiomba mwenyewe, na hivyo ndivyo vilivyoniweka hai, pamoja na mtori wa jirani. Lakini mwili ulikuwa ukiondoka. Mashavu yaliondoka kwanza, kisha mikono. Gauni langu la hariri, nililoshonesha kwa sikukuu ya mwaka uliopita, lilinining'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Nilipojitazama kwenye kioo cha kabati nilimwona mama yangu mdogo aliyekufa kwa kifua kikuu, na nikakigeuza kioo ukutani.

Watu hawakukawia. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usio na mlango, alikuja katikati ya mwezi kunitazama. Akapiga makofi.

"Umekwisha, wifi! Mama, huyu mnamlisha nini?"

Mzazi akitoka arobaini hajawanda, watu hawamsemi mzazi, humsema aliyemlea. Mashavu ya mzazi ndiyo cheti cha mama yake. Niliona lile neno likimwingia mama. Siku ya pili alipanga foleni mara mbili, asubuhi ya sukari na mchana ya mchele, na funga yake kinywani.

Jioni hiyo, akinipepea, aliniambia mpango wake. Arobaini yangu ilikuwa inaangukia Idi. Kwake haikuwa bahati tu, ilikuwa jibu. Angenitoa siku ya Idi. Nitaogeshwa, nitavishwa, nitakaa kwenye mkeka mpya mbele ya wanawake wa ukoo na wa mtaa, nao wataniona nimepona. Alikwisha kuweka akiba ya sukari kwenye kopo la maziwa, na kuku wawili walikuwa wamefungwa uani kwa mpangaji.

"Siku hiyo utakula mbele yao," alisema. "Utakula wakuone. Nami nitapumua."

Ndivyo ilivyokuwa. Hakutaka dhahabu wala safari ya Makka. Alitaka watu wamwone mwanawe akila, japo mara moja, katika arobaini aliyoingoja miaka kumi na sita. Na mimi sikuwa na tumbo la kumpa.

Asubuhi ya Idi alinivalisha mwenyewe. Aliikunja kanga mara mbili kiunoni ili nionekane nimejaa. Alinitia wanja, akanipaka mafuta mashavuni yang'ae. Wanaume waliporudi msikitini mume wangu alichungulia, akanitazama muda mrefu, akasema, "Umependeza." Najua alikuwa akimwambia mama.

Wanawake walikuja baada ya adhuhuri, kama kumi hivi, na manukato yao na vicheko. Waliniamkia waliokuwa wadogo kwangu, wakanipa mkono wa Idi wakubwa, wakanitazama mabega na shingo wakidhani sioni. Kwanza zikaja tambi za sukari na chai ya maziwa. Kisha sinia la pilau, kubwa, tukalizunguka, mama upande wangu wa kuume.

Anayejua kula kwenye sinia anajua kwamba mwenyeji hamezi nyama yake. Huichambua kwa vidole na kuisogeza mbele ya mgeni, kipande kizuri baada ya kipande kizuri, na aliyesogezewa hana ruhusa ya kuirudisha. Mama alinisogezea paja. Akanisogezea maini. Hakula yeye. Kila nilipomeza, kulikuwa na kilima kipya mbele yangu, na macho ya wanawake kumi.

Nikala. Nilitafuna kama nilivyoagizwa, lakini mtu hawezi kutafuna muda wote huo mbele ya watu wanaongoja. Nilikula tambi ili aone, nikanywa chai ili aone, nikala pilau mpaka nikahisi kitu kimesimama chini ya mbavu kama mfupa. Mama alikuwa akicheka kwa jambo alilosema wifi. Sikumbuki kama nilipata kumwona akicheka vile kabla ya hapo. Nikachukua tonge jingine.

Moyo ukaanza. Nilijua kinachokuja na sikuweza kuinuka, maana nimezungukwa. Jasho likaushukia wanja, likanitia weusi mashavuni. Masikio yakaziba. Nilijaribu kusimama, miguu ikakataa, nikaanguka kwa mkono mmoja juu ya mkeka na kutapika, mbele yao wote, kwenye kanga yangu ya Idi.

Kisha wifi akapiga ukelele.

"Nyie! Kizunguzungu, jasho, kutapika! Huyu ana mimba! Hao madaktari wamemfungua njia!"

Akapiga kigelegele. Mwingine akampokea. Sekunde chache tu, lakini chumba kizima kilijaa vigelegele, na mtu mmoja akamkumbatia mama yangu kwa nyuma.

Nilimtazama mama. Alikuwa amepiga magoti, mikono yake imejaa pilau, ameduwaa. Uso wake ulikuwa umefunguka. Hakuwa akiniuliza; alikwisha kuamini. Niliuona ujana wake pale, niliona alivyokuwa kabla ya kunizaa. Na mimi nilikuwa na maumivu, nimechafuka, nimedhalilika, na nikamchukia. Nasema ilivyokuwa. Nilimchukia kwa kuamini.

"Si mimba!" nilipiga kelele. "Si mimba, ni chakula chako! Ni uji wako, mama! Siku arobaini unaniua na uji wako, nami naumwaga chooni! Wote nimeumwaga! Mimi sikuzaa! Sikuzaa!"

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja.

Wageni walinawa. Walisema maneno ya kuaga kwa sauti za msibani, wakatoka wakiokota viatu vyao mlangoni. Wifi alinigusa bega akakosa la kusema, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Sinia likabaki katikati na pilau zaidi ya nusu.

Mama alileta maji akanisafisha. Alinibadilisha kanga, akanilaza, akakunja mkeka. Nilimsikia uani akiwagawia wapangaji pilau, akiwatakia Idi njema kwa sauti yake ya kila siku. Baada ya muda alirudi akakaa chini karibu na kitanda, mgongo ukutani.

"Wote?" aliuliza.

"Vijiko vitatu nilikunywa."

"Kila siku?"

"Tangu Ramadhani ilipoanza."

Alitikisa kichwa taratibu. Nilingoja aseme juu ya sukari, juu ya jua la foleni, juu ya kumwaga riziki ya Mungu mwezi mtukufu. Ningefurahi kama angenitukana.

"Na lile jasho?"

"Ndiyo sumu yenyewe, mama. Moyo ulikuwa unataka kusimama."

Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayemuuliza mwenye nyumba asiyemjua, "Unaweza kula nini?"

Mama hakuwahi kuniuliza hivyo tangu nizaliwe. Nilisema yai la kuchemsha. Alikwenda akalichemsha, akaja nalo limemenywa kwenye kisahani, akalikata kwa uzi vipande vidogo. Alinipa kimoja, akangoja nitafune, akanitazama koo mpaka kikashuka. Akanipa kingine. Kwenye nusu nikasema nimeshiba. Lilikuwa neno la kweli la kwanza nililompa juu ya shibe yangu katika siku arobaini.

"Nusu yai?" alisema.

"Nimeshiba, mama."

Alikitazama kile kilichobaki kwenye kisahani. Ndipo akalia, si kwa sauti, machozi tu yakimshuka na mkono wake bado umeshika kisahani sawasawa kisiinamie upande.

Kesho yake alirudi Magomeni. Mume wangu alimbebea sanduku mpaka kituoni. Kabla ya kutoka mama aliniombea dua, akaniwekea mkono kichwani, akasema nimsamehe. Nikasema wewe ndiye unisamehe. Tulisameheana vizuri, kama watu wanavyosameheana. Sisemi kwamba tuligombana.

Nikapona. Yule muuguzi alisema kweli. Nilijifunza kula vijiko vyangu vichache mara sita kwa siku, nilijifunza kukataa biskuti za watu bila kueleza, nikawa mwembamba, watu wakazoea, na nyumba yetu ikatafutiwa alama nyingine. Mama aliishi miaka saba baada ya hapo. Nilikwenda kwake kila juma. Alinipa mkeka, alinipa habari, alinipa mto wa kuegemea. Chakula hakunipa. Akipika, aliwapakulia wote waliokuwepo, hata mpita njia aliyeingia kuomba maji, ila kwangu mkono wake ulisimama, akanisogezea mwiko na kusema, "Wewe jipakulie, unajijua mwenyewe." Alisema bila uchungu. Alikuwa ameogopa, na hofu ile haikumtoka tena.

Nilitaka aache sukari. Nilitaka aache samli. Sikutaka aache kunilisha, lakini hilo sikujua namna ya kulisema, na kila sikukuu nilisema nitalisema sikukuu ijayo.

Idi yake ya mwisho tulikuwa wengi kwake. Alikuwa amekaa kitandani, hawezi tena kusimama sana, anaelekeza tu: huyu ongezewa nyama, yule hajapata mchuzi, wewe mbona umeacha, kula, mwanangu, kula. Nilijipakulia vijiko vitatu vya wali na kipande cha samaki. Nikaenda kukaa mbele yake kabisa, mahali ambapo hawezi kukosa kuniona. Nilikula taratibu, nikatafuna kila punje. Nilipomaliza, sikukiweka kisahani chini. Nilikishika mikononi, kitupu, nikamtazama, nikingoja aniambie niongeze.

Alinitazama na yeye. Kisha akamwambia aliyekuwa karibu yangu anipokee kisahani, anipe maji ya kunawa.